Siku ya Kamio Hakuna Moshi Mulimani

Kaaang! Halafu kimya kidogo. Halafu tena, kaaang!

Mlio ule nikifumba macho ninausikia mpaka leo. Haukuwa wa kengele ya kanisa. Kengele ya kanisa letu pale Kalembe ilikuwa na sauti ya kukaripia. Huu ulikuwa mlio wa kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichoning'inizwa kwa waya chini ya paa la kibanda, pale barabara ya kamio, lori la kubeba watu na mizigo, ilipoishia. Kikigongwa kwa nyundo kililia mara moja kwa nguvu, kisha kikabaki kinanguruma polepole ndani ya ukungu. Mngurumo ukapita juu ya mashamba ya maharagi, ukashuka bondeni, na mimi mutoto nilikuwa ninaamini unaendelea vile vile mpaka Sake, uvuke ziwa mpaka Bukavu, ushuke Kamanyola, uifikie treni yenyewe. Nilikuwa ninaiona treni inageuza kichwa na kusema: "Nimesikia. Leteni bantu."

Aliyegonga reli ile tulimwita Shefu wa Gare.

Gare ni kituo cha treni, na treni sisi hatukuwa nayo. Iliyokuwa karibu ilikuwa mbali sana, kusini, ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya milima mingine. Lakini yeye alishafanya kazi kule, na alipokuja kwetu alikuja na kile chuma begani, kimefungwa ndani ya gunia, na kofia nyeusi yenye ncha iliyovunjika katikati. Alitoka kwa nani, alizaliwa wapi, hayo wakubwa walikuwa wanayabishania kwenye pombe ya kasiksi, na sijui nani alishinda. Mimi nilimkuta yuko, kama mulima unavyoukuta uko.

Mwenye kamio, mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Masisi, alimpa kazi ndogo: kufagia kibanda, kujaza pipa maji ya mashine, kuwapanga abiria. Kazi kubwa alijipa mwenyewe. Ilikuwa hivi. Kamio ilifika kwetu mara moja kwa juma, ikalala, asubuhi ikarudi Masisi na Sake. Pale Sake abiria wa mbali wanapanda bato ya kuvuka ziwa. Bato inawaacha Bukavu, bisi inawashusha Kamanyola, na Kamanyola njo kuna treni. Hiyo ni upande mmoja. Upande mwingine ilikuwa pori ya Walikale, na huko hakuna gari. Watu wa Itebero walitembea, wanalala njiani, wana mawese na mupunga na samaki wa kukaushwa mgongoni, ili wakute kamio Kalembe. Wakichelewa kidogo tu, kamio imekwenda, na samaki wataoza wakingoja juma lingine.

Basi Shefu akapatana nao. Mukifika juu ya mulima, pale njia inapotoka porini na Kalembe inaonekana ng'ambo ya bonde, washeni moto, mutupie majani mabichi. Mimi nikiona moshi nitagonga reli. Mukisikia reli, mujue gari iko inangoja, mushuke pole pole, musivunje miguu.

"Tunaunganisha," alikuwa anasema. Hilo njo neno lake. Akimimina maharagi juu ya ugali: tunaunganisha. Siku ya ndoa, pasta kabla hajafunga kitabu, sauti kutoka benchi la nyuma: tunaunganisha! Pasta alimkaripia, halafu naye akacheka.

Watu wote kwake walikuwa abiria. Mimi nilikuwa Abiria Mudogo. Mama alikuwa Mama Abiria. Hata mbuzi wetu akikatiza mbele ya kibanda alimwambia, "Abiria, upande huu si wa kupandia." Kwa maana kulikuwa na upande wa kupandia na upande wa kushukia, na kamio ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa nyuma. Yeye alichora mstari chini kwa chokaa, unaelekea katikati ya mlango. Kushoto kupanda, kulia kushuka. Mabibi wenye matumbo makubwa na vikapu vikubwa walijibana kwenye kanusu kao ka mlango, na nusu nyingine iko wazi kabisa, wanacheka mpaka machozi, lakini walijibana.

Sisi watoto alitupanga kwenye benchi, tukitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Alisema ndani ya treni njo hivyo watu wanavyokaa. Kuna dirisha. Nje ya dirisha miti inakimbia kurudi nyuma, ya karibu inakimbia sana, ya mbali inatembea tu, na mulima wa mbali kabisa unakufuata. "Unakufuata?" "Unakufuata, Abiria. Mulima hautaki uende peke yako." Nilikuwa ninarudi nyumbani na maneno hayo, ninalala nayo. Katika ndoto zangu zote za utoto kuna dirisha, na mulima wa Kalembe unatembea nje yake, pole pole, bila kuchoka.

Sasa usimfikirie kuwa muntu mpole wa kupita kiasi. Alikuwa mkali. Chumvi yake aliificha kama dhahabu. Muntu wa kijiji mwenye nyumba karibu na akachelewa, huyo alimtukana mbele ya wote: "Wewe umelala mita tatu na gare, unakuja na matongotongo!" Lakini muntu wa pori akichelewa, hapana neno. Anangoja. Shofere anapiga honi, anapiga mlango, anapiga paa la gari, Shefu amesimama mbele ya mashine mikono nyuma, anatazama mulima.

"Shefu wa gare bila treni!" shofere alikuwa anamuchokoza. Alikuwa kijana wa Sake, mwembamba, nywele amezipaka mafuta. "Leo treni yako imefika wapi?"

"Iko njiani."

"Mwaka gani?"

"Wewe endesha, kaka. Kazi yako ni magurudumu. Kazi yangu ni bantu."

Mambo yakaharibika kwa sababu ya mama yangu.

Shamba letu lilikuwa juu kule, karibu kabisa na njia inapotoka porini. Kutoka gare unaliona wazi kuliko shamba lolote. Kiangazi kimoja Mama alikusanya mashina ya maharagi na majani, akayachoma asubuhi, yakiwa bado na umande. Moshi ukapanda mweupe, mnene, umesimama wima. Akalima kidogo, akashuka na kikapu chake. Alipofika barabarani jua lilikuwa utosini, na kamio iko pale pale, abiria wamevimba kwa hasira.

"Shefu, kamio iko na ugonjwa gani leo?"

"Tunangoja bantu ya Itebero, Mama. Walionyesha moshi tangu asubuhi. Nafikiri wako na mugonjwa, wanashuka pole."

"Moshi gani?"

"Ule pale."

Mama akageuka, akatazama. Akaweka kikapu chini. Akashika mdomo.

"Yesu wangu! Ule moshi ni mimi. Nimechoma maharagi."

Shofere alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Kumbe tunangoja maharagi! Ipande basi! Maharagi ikae mbele na mimi!"

Watu wote walicheka. Jioni, kamio ilipofika Sake na bato imekwenda, hakuna aliyecheka tena. Ndani yao kulikuwa na mwalimu kijana aliyeitwa kuanza kazi Bukavu. Alipofika, nafasi imepewa mwingine. Juma lililofuata shofere alishuka garini bila kumuchokoza mtu.

"Shefu, bwana amesema. Bato ikituacha tena kwa ajili ya kungoja, kamio itageukia Masisi. Kalembe kwaheri."

Shefu alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Kila mtu alielewa. Kamio ikigeukia Masisi, watu wa pori wataipita Kalembe na mizigo yao, wapande milima mingine yote kwa miguu. Wenye nguvu wangeweza. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Itebero, na alikuwa na watoto wawili wadogo, na mwingine tumboni. Alikuwa anakuja kwa sababu ya kamio ile. Anapeleka mawese Sake, akirudi analala kwetu. Mimi nilikuwa ninahesabu maisha yangu kwa kufika kwake. Nilijifunika blanketi nikalia, si kwa ajili ya kamio, ni kwa ajili ya dada.

Jioni hiyo Shefu alikuja nyumbani kwetu. Hakuingia. Alisimama uani, kofia mkononi, na kichwa bila kofia kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri.

"Karibu, Shefu. Ukae."

"Hapana, Mama Abiria. Nimekuja kuomba."

"Chumvi?" Mama akamtania, maana alijua.

"Mulima."

"Unaomba mulima?"

"Siku moja tu kwa juma. Siku ya kamio, asubuhi. Lima, panda, palilia, imba. Ila usiwashe. Mulima ukiwa hauna moshi, nikiona moshi nitajua ni muntu."

Mama akaingia jikoni, akatoka na kipande cha chumvi kwenye jani, akampa. Ndivyo alivyokuwa anakubali mambo.

Jumapili, baada ya ibada, aliwasimamisha mabibi wote wenye mashamba ya kule juu. Walibishana mpaka watoto wakalala migongoni. Mama mmoja, jirani yetu mwenye sauti nene, alisema, "Na mvua ikilowesha majani yangu, huyo Shefu atakuja kuyapuliza na mdomo?" Mwingine: "Mimi dhambi zangu kumi zinanitosha, sitaki ya kumi na moja ya moshi!" Lakini kila mmoja alikuwa na mtu upande wa pori: mukwe, ao dada, ao mutoto aliyeolewa. Wakakubali. Siku ya kamio hakuna moshi mulimani. Tangu hapo asubuhi ile ilikuwa na sura yake. Hewa ilikuwa safi kama imeoshwa, na mulima umekaa kimya, unangoja nao.

Tatizo likawa shofere. Hakuamini. Na siku ikafika, ukungu mzito, mashine imekwisha kuwaka, ndipo juu ya ukungu moshi mwembamba ukatokea. Kamoshi kadogo, kamelala upande.

Kaaang!

"Ni mama yule wa maharagi tena," shofere akasema, mguu mmoja uko ndani ya gari. "Mi naenda."

"Kaka, ngoja."

"Nikikosa bato, bwana atanifukuza mimi! Si wewe!"

Hapo nikasikia nyayo. Mama alikuwa anakuja barabarani, na nyuma yake yule jirani wa sauti nene, na nyuma yake wengine, majembe begani, mabibi wote wa mashamba ya juu. Hawakwenda shamba asubuhi ile. Wakajipanga mbele ya kamio, mstari mmoja, kama kwaya.

"Utuhesabu, kaka," Mama akasema. "Sisi wote tuko hapa. Huko juu hakuna mwenye kibiriti. Sasa ule moshi ni wa nani?"

Shofere akawatazama kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Akazima mashine.

Tukangoja. Ningeweza kusema tulingoja sana, ao kidogo. Ndani ya ukungu siwezi kujua. Nakumbuka tu kila muntu alikuwa anasikiliza. Kisha kwenye daraja la miti, chini bondeni, mtu akakohoa. Wakatokea mmoja mmoja, wamelowa, wanaume wenye mapipa madogo ya mawese, na katikati yao bibi kizee amekumbatia jogoo, na nyuma yake dada yangu, tumbo mbele, anacheka kwa kuniona.

Bibi kizee alikwenda moja kwa moja kwa shofere. "Ni wewe uliyetungoja?"

Shofere akajikuna shingo. "Ni... tulingoja sisi wote, Mama."

"Mungu akubariki. Miguu yangu ilikwisha pale juu. Nilivyosikia chuma njo nikapata ingine."

Alikalishwa mbele, yeye na jogoo. Shofere akaendesha siku ile kama muntu anayekimbizwa, na bato waliikuta. Aliporudi alimletea Shefu mkate wa Sake, akauweka juu ya benchi, na Shefu akaukata vipande vidogo vidogo akatugawia watoto wote. Chumvi hakutoa.

Kamio iliendelea kuja. Miaka mingi. Mimi nikasoma kwa masista masomo yangu madogo, kusoma na kuandika na kushona, nikarudi kulima na Mama. Kisha barabara ikasukumwa mbele. Walikata pori, wakajenga madaraja, na siku moja kamio haikulala Kalembe. Ilipita. Ilikuwa furaha kubwa, sitasema uongo. Dada anapanda gari mlangoni kwake sasa, na watoto wake wanne. Hakuna anayetembea tena na mawese mgongoni. Mabibi wakaanza kuchoma siku yoyote wanayotaka, na hakuna aliyewalaumu.

Ila Shefu alibaki pale. Kibanda kiliinama upande, mstari wa chokaa haukuwa na mlango wa kuugawa. Macho yake yakaingia ukungu, yanaona mbali kidogo, ya karibu hayaoni vizuri. Siku ya kamio alivaa kofia. Akiona moshi mulimani, wa mtu yeyote, aliinuka na kikohozi chake, akagonga reli, akasimama katikati ya barabara mikono nyuma. Kamio mpya ikaja, shofere mpya asiyemjua, honi, matope mpaka kifuani. Vijana wakapiga makofi: "Shefu bila treni!" Niliona hayo siku moja tu. Nilipangusa kofia yake kwa kikwembe nilichojifunga.

Nilianza kumpelekea sombe, majani ya muhogo, jioni. Siku moja tulikaa kwenye benchi, tukitazamana, magoti karibu yagusane.

"Abiria Mudogo. Msafiri mmoja ameniambia treni ya Kamanyola inafungwa. Reli zitang'olewa."

"Pole, Papa Shefu."

"Wewe hukuipanda."

"Sikuipanda. Nitapanda ingine, Mungu akipenda. Haikosi mahali pengine." Nilitaka kumchekesha. "Wewe angalau ulipanda."

Akaweka sahani ya sombe chini.

"Mimi nilikuwa ninakata majani pembeni ya reli," akasema. "Inapita, ninasimama, ninatoa kofia. Inaenda. Siku ya mwisho ya kazi walisema nipande bure, nifike Uvira nirudi. Nilikimbia na panga mkononi. Haikungoja."

Sasa nikaelewa dirisha lilitoka wapi. Alilitazama kutoka nje.

"Ndani iko namna gani?" akaniuliza. Aliniuliza mimi!

Na mimi, ambaye sijavuka hata Sake, nilimwambia. Nilimwambia kuna benchi mbili, watu wanatazamana. Nilimwambia kuna dirisha. Miti ya karibu inakimbia sana, ya mbali inatembea tu. Alikuwa amefumba macho, kichwa kinatikisika kidogo kama cha abiria.

"Na mulima?"

"Unakufuata, Papa. Hautaki uende peke yako."

"Njo hivyo," akasema, ameridhika kabisa, kama muntu aliyethibitishiwa habari. "Njo hivyo. Tunaunganisha."

Juma lile Mama aliumwa mgongo, nikapanda shambani peke yangu. Ilikuwa asubuhi ya kamio. Mashina ya maharagi yalikuwa rundo kubwa, yamekauka vizuri, na upande wa Walikale mawingu yalikuwa yanakuja, meusi, yenye haraka. Nikichoma sasa, nitapanda kesho. Nikingoja, mvua italowesha yote. Nilipiga magoti, nikatoa kibiriti kwenye pindo la kikwembe, nikashika njiti.

Chini ng'ambo ya bonde niliona kibanda kilichoinama, na kitu kidogo cheusi kimekaa mbele yake, uso umeelekea huku, kinatafuta moshi. Mbali, upande wa pori, mashine ya kamio ilikuwa inasikika inapanda.

Nikarudisha njiti ndani ya boksi. Nikafunga pindo, nikalikaza kwa meno, nikaketi juu ya rundo langu kavu. Kamio ikatokea, ikapita kibanda, ikaenda zake Masisi. Kile kitu cheusi hakikuinuka, hakikukimbia, kilikaa tu kwa amani mbele ya mulima safi, mpaka tone la kwanza la mvua likaniangukia mkononi.